Twisheni ya hesabu ya pale Mwanga, Kigoma: nimelipa miezi 7, haya ndo niliyoyaona

Naanza na bei mana najua ndo kitu cha kwanza mtu anatafuta. Elfu 15 kwa mwezi, jumatatu mpaka alhamisi, saa 10 jioni mpaka saa 12, na elfu 2 ya fotokopi kila mwezi, kwaiyo mimi kwa miezi 7 imenitoka laki 1 na elfu 19. Jina la kituo sitaji, kwanza ticha mwenyewe kasema banda limejaa hataki kutangazwa, pili kuna mambo nitayasema huku chini si mazuri. Wa Mwanga mtapajua tu.

Mimi nauza mawese sokoni, na nakaa na mtoto wa kaka yangu, saivi yuko fom thrii. Huyu mtoto mezani kwangu ni moto. Dumu la lita 20 tumelichukua elfu 64, chini kuna machicha lita nzima haiuziki, lita tunauza elfu 4, faida ngapi? Sijafunga mdomo keshasema elfu 12. Mteja kachukua lita 3 na nusu katoa noti mbili za elfu kumi, chenji imeshatoka mkononi. Alafu mtoto huyohuyo ukimwekea karatasi imeandikwa kwa kizungu tafuta asilimia ya faida, anaganda, yani anaganda kweli, kalamu mdomoni, nusu saa, daftari jeupe. Msingi walisoma kwa kiswahili, kufika fom wani kila kitu kizungu, hilo nalijua na nililisingizia miaka miwili. Ila haikuwa lugha peke yake, mana hata nikimtafsiria swali neno kwa neno alikuwa ananijibu "shangazi mimi hesabu siwezi" kabla hajalisikia mpaka mwisho.

Mwaka jana katikati nikampeleka kwenye twisheni moja ya elfu 30 kwa mwezi, hiyo nayo siitaji. Pale ilikuwa ni kelele. Wanaanza kipindi kwa kusimama na kupiga makofi, hesabu ni rahisi! mimi ni jiniasi! alafu ticha anasolvu maswali ubaoni mbio mbio wao wanakopi. Mtoto akawa anarudi nyumbani anang'aa, nikafurahi, nikajua hela imefanya kazi. Mwezi wa 8 wakapewa jaribio shuleni, asubuhi ananiambia shangazi leo sikosi 60. Akapata 11. Kumi na moja kwa mia. Mtoto alilia siku mbili, akaficha daftari nyuma ya madumu, na kile kidogo alichokuwa nacho cha kujaribu kikaisha kabisa. Mimi naona bora asingejaziwa upepo, mana aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi anaumia kuliko aliyekaa chini yake.

Basi mwezi wa 9 ndo tukahamia hapa. Ticha ni kijana tu, kamaliza chuo cha ualimu anasubiri ajira kama wenzake wengi. Siku ya kwanza kampa mtoto maswali kumi, akaangalia, akamrudisha kwenye sehemu, yani nusu, robo, theluthi. Mtoto wa fom tuu! Akarudi nyumbani kanuna, kasema shangazi nimewekwa na watoto wa fom wani, naaibika. Na mimi damu ikapanda, kesho yake nikaenda na kanga yangu ya hasira, nikamwambia kijana hela yangu nataka mtoto afaulu siyo ashushwe. Akanisalimia shikamoo mama, akanipa kigoda, akasema mama naomba wiki 3 tu, kama haoni anaweza kitu ambacho alikuwa hawezi basi chukua hela yako. Nikasema haya.

Sasa nieleze anachofanya mana hapa ndo kuna utamu. Kila karatasi ya maswali anayotoa ina safu mbili za ziada pembeni. Ya kwanza mtoto kabla hajaanza kusolvu anasoma swali alafu anaandika namba kutoka 0 mpaka 10, ana uhakika kiasi gani kwamba ataliweza. Ya pili anajaza akishapata jibu, anaandika kwa nini anadhani jibu hilo lina akili. Siyo njia, njia iko katikati, hapa anataka sababu. Bila kujaza hizo safu hasahihishi, hata uwe umepata yote.

Mfano mmoja nilikuwepo mwenyewe, nilienda kulipa nikakaa nyuma. Swali, watu 6 wanalima shamba kwa siku 8, je watu 4 watalima kwa siku ngapi. Wa kwangu kaandika uhakika 9, jibu siku 5 na theluthi. Ticha hakusema umekosa. Kamsimamisha akamuuliza, wewe kwenu mkienda shamba watu sita, alafu wawili wakaumwa, kazi inaisha mapema? Darasa likaangua kicheko, mtoto mwenyewe akacheka, akafuta, akakaa akafikiri, watu 6 kwa siku 8 hiyo ni kazi ya siku 48 za mtu mmoja, gawa kwa 4, siku 12. Alafu ticha akasema jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka, akasema ile 9 uliyoandika usiifute, iache, utaihitaji. Mana mwisho wa mwezi anawakalisha kila mtu na karatasi zake anamwonyesha, angalia, ulipoandika 9 ulipata mangapi, ulipoandika 3 ulipata mangapi. Kuna watoto wanaandika 2 kila mahali na wanapata, hao anawaambia nyie mnajidharau bure. Na kuna wa kwangu, anaandika 9 na anakosa, huyo anaambiwa hapa hujafikiri, umekimbia. Yani hajazi upepo na wala hatoi upepo, anapima presha kama fundi wa baiskeli.

Nikamuuliza hii kaitoa wapi. Akasema si yake, kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Stanford kule Marekani, tangu 1977 aliandika kwamba mtu kujiamini kwamba ataweza kazi fulani kunatoka sehemu nne: kuwahi kuifanya akafanikiwa, kuona mwenzake wa saizi yake akiifanya, kuambiwa na watu kwamba anaweza, na namna mwili unavyojisikia, moyo kwenda mbio, jasho, tumbo. Na kwamba ile ya kwanza ndo yenye nguvu kuliko zote. Hapo nikaelewa ile twisheni ya makofi, walikuwa wameshika ya tatu peke yake. Na nikaelewa kwa nini mtoto alirudishwa kwenye robo na theluthi, ticha alikuwa anamtafutia kitu cha kufanikiwa kwa jasho lake mwenyewe, kidogo lakini cha kweli.

Na hiyo ya kuganda nayo kaieleza vizuri. Kuna Ashcraft na Kirk, Wamarekani, 2001 walionyesha kwamba mtu mwenye hofu ya hesabu, akiwa anasolvu, ile hofu yenyewe inakula nafasi kichwani, ile sehemu ya kushikilia namba kwa muda wakati unafanya kitu kingine. Mimi hilo sihitaji utafiti. Uko mezani unahesabu lita, mteja mmoja anakudai chenji, mwingine anasema mawese yako yana maji, jirani anakuuliza nani kafa, mara unasahau ulifika ngapi. Siyo kwamba hujui kuhesabu, sema kichwa kimejaa wageni. Mtoto akiwa kwenye pepa na moyoni anajisemea nitafeli nitafeli, hao ndo wageni wake.

Ila kitu kilichonifanya niseme hela yangu imeenda pazuri kilitokea mwezi wa Ramadhani. Ticha akaruka mada, akaleta ile ya dunia kama tufe, longitudi na latitudi, wakati shuleni walikuwa bado wako mbali nayo. Nyumbani jioni tumekaa tunasubiri adhana, dada yangu wa Temeke akapiga simu, sauti ya kijiko inasikika, ananitania, nyie watu wa mwisho wa reli bado tu? sisi tumeshafuturu tunaenda kuswali. Sisi kila mwaka tunataniana hivo, Dar wanafungua saa 12 na nusu na ushee, Kigoma mpaka saa 1 na robo huko. Miaka yote nilijua ndo ilivyo, sijawahi kujiuliza.

Mtoto akachukua kipande cha boksi la tende. Akasema shangazi, dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwaiyo saa moja ni nyuzi 15, kwaiyo nyuzi moja ni dakika 4. Dar iko kama nyuzi 39.3 mashariki, Kigoma 29.6, toa, 9.7, zidisha kwa 4, dakika kama 39. Angalia ratiba ya msikiti. Nikaangalia ya kwetu na ile aliyotumiwa ya Dar kwenye simu. Ilikuwa pale pale, imepishana dakika moja. Nikasema umeweza mama. Yeye hakuridhika! Akasema sasa kwa nini dakika moja imepishana, kesho namuuliza ticha. Akarudi na jibu, Dar iko kusini zaidi kidogo kuliko sisi, kwaiyo tofauti inasogea sogea dakika chache kufuatana na majira. Alafu akaniongezea nyingine ambayo sikuitegemea, kwamba saa ya nchi nzima inafuata nyuzi 45, mstari ambao hata haupiti Tanzania uko baharini huko mashariki, na ndo mana huku kwetu saa 6 mchana ya saa jua bado halijafika utosini, linafika kwenye saa 7. Mimi nikakumbuka kivuli cha mwavuli wangu pale mezani, kweli bwana, saa 7 ndo kinakuwa kifupi kabisa. Miaka 14 nimekaa chini ya mwavuli huo.

Namna alivyouliza ndo imenikaa. Mwaka jana mtoto huyu jibu likikaribia alikuwa anashukuru Mungu na kufunga daftari. Saivi dakika moja inamsumbua. Na kwa jinsi nilivyoona mimi, kuthubutu kuuliza kulikuja baada ya kupata vitu vidogo vingi kwa akili yake, alafu kuuliza nako kukamfanya apate vikubwa, vinavutana hivo kama ng'ombe wawili kwenye plau, huwezi kusema nani anamvuta nani.

Kuna kikao cha wazazi mara moja kila miezi mitatu, nendeni, msitume watoto wa jirani. Mimi nilichapwa pale. Ticha katusomea habari ya Brazili, mji wa Recife, 1985, watafiti watatu, Carraher wawili na Schliemann, walienda kununua vitu kwa watoto wanaouza barabarani, nazi na matunda, wakawauliza hesabu kama wateja, wakapata asilimia 98. Baadae watoto walewale, namba zilezile, wakawekewa kama hesabu kavu za kwenye karatasi, wakashuka mpaka asilimia 37. Wazazi tukaangaliana, kila mtu pale ana mtoto anamsaidia biashara, dagaa Kibirizi, mihogo, vocha, mawese. Alafu akaja na ya pili, 2015 Marekani, walifuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili mwaka mzima wa shule, wakakuta mzazi mwenye hofu ya hesabu anayemsaidia mtoto homuweki mara kwa mara, mtoto wake anajifunza hesabu kidogo kuliko wenzake na hofu anaichukua. Ila mzazi mwenye hofu asiyesaidia saidia, hakuna shida hiyo. Nikainamisha kichwa. Mimi ndo nilikuwa nakaa naye usiku na kibatari cha sola namwambia mwanangu vumilia tu, ukoo wetu hesabu hatuna. Maneno hayohayo, kila usiku, nikidhani namfariji. Saivi nimeambiwa nimuulize kitu kimoja tu, nieleze mimi mjinga nielewe, na nikae kimya. Kukaa kimya ndo kazi ngumu kuliko zote.

Kuna baba mmoja pale, anafanya kazi bandarini nadhani, yeye hakukubali. Akasema hizi habari za kujiamini ni za wazungu, mbona Wajapani wanaongoza dunia kwa hesabu na hawajiamini? Na ticha akakubali ni kweli, kwenye mitihani ya kulinganisha nchi inayoitwa TIMSS, Japani na Korea Kusini wanafunzi wao wako juu kabisa lakini wakiulizwa kama wanajiamini wengi wanasema hapana, wanazidiwa na nchi zenye maksi ndogo. Ila akasema ukiingia ndani ya nchi hiyohiyo moja, hata Japani, wale wanaojiamini zaidi ndo wanaopata zaidi. Mtoto anajipima na aliyekaa naye dawati moja siyo na mtu wa ng'ambo. Yule baba alisema hmm. Mimi nampa haki kidogo, mana ticha wetu naye akianza kunukuu watafiti hana breki, kikao cha saa moja kilienda mpaka isha.

Haya mabaya sasa. Banda ni la mabati na halina dari, mvua ikishuka, na mnajua mvua za huku kuanzia mwezi wa 11, husikii kitu, siku hiyo mmelipia kelele. Watoto wako zaidi ya 40 na mabenchi ni 8, wengine wanasimama, tulianza kubeba vigoda kutoka nyumbani. Choo kipo cha jirani na jirani ana siku zake. Muda hauheshimiwi, saa 12 inakuwa saa 1 na nusu, kwetu mwanga unachelewa kweli (si tumeshajua kwa nini) lakini saa 1 na nusu ni giza hata Kigoma, na mwenye binti lazima aende kumchukua. Risiti hakuna, anaandika kwenye daftari lake, mara mbili kanidai nimeshalipa. Mara ya pili mtoto ndo alimkumbusha tarehe.

Na kubwa kuliko yote, anaenda taratibu mno. Silabasi haimalizi. Swali moja linaweza kuchukua jioni nzima mana kila mtu lazima aseme kwa nini. Kwa mtoto wa fom wani au fom tuu ni dawa, ila kama wako ni fom foo na amebakiza miezi mitatu, siwashauri, kweli kabisa. Yule anahitaji mtu wa kumpitisha pasti pepa, ajue Section A ni maswali 10 ya maksi 60 na Section B maswali 4 ya maksi 40, agawanye muda wake wa saa 3, aokote maksi. Hapa hiyo inafanyika mara moja moja na bila moyo. Niliona fom foo wawili wakaondoka mwezi wa 10, sikuwalaumu. Pia watoto wepesi wanaboreka, mmoja alikuwa anamaliza dakika kumi alafu anachora magari.

Matokeo. Mtihani wa taifa wa fom tuu mtoto kapata D ya hesabu, siyo ya kutangaza lakini ukitoka 11 mwezi wa 8, D ni sherehe, tulichinja kuku. Mwezi wa 3 huu shuleni kapata 52, hiyo ni C. Sasa sikilizeni, asubuhi ya pepa nilimuuliza kama kawaida, leo ngapi? Akafikiri, akahesabu kwa vidole mada anazozijua na zile ambazo hazijamkaa, akasema kama 50, zile lojarithimu zitanipunguza. Mwaka jana alisema 60 akapata 11, mwaka huu kasema 50 kapata 52. Kwangu mimi hiyo tofauti ya 2 ndo niliyoilipia, kuliko hata hiyo C.

Kuganda kwenyewe hakujaisha. Wiki iliyopita nimemkuta tena kalamu mdomoni. Ila saivi anajua afanye nini akiganda, anasoma swali upya, anachora, anaandika wanachotaka na alichopewa, anatafuta swali dogo linalofanana. Ticha anasema hizo ni hatua za George Pólya, Mhungaria aliyeziandika 1945. Mimi naona ni kama mtu aliyepotea porini Kasulu, kwanza anasimama, anaangalia jua. Na lile dumu la elfu 64 siku moja kalimalizia kwa kizungu bila kuombwa, faida asilimia 18.75, akaniandikia na uhakika pembeni, 10.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ajili ya mabati na risiti. Elfu 15 inalipwa mwanzoni mwa mwezi, ukichelewa hakufukuzi ila anakuangalia. Muda wa kujiunga mzuri ni januari au baada ya likizo ya mwezi wa 6, katikati atakuta wenzake wako kwenye swali ambalo walilianza juzi. Daftari la kurasa nyingi, rula, na mwambieni mtoto asifute alichokosea. Na kigoda, msisahau kigoda.